Kipande cha Kadi Chini ya Shingo

Bibi Kiyono Akahane alikuwa ameinama juu ya beseni la mboga, mikono imekufa ganzi kwa maji ya baridi, bwana Nishizato wa kiwanda cha magitaa cha Kirihata alipobisha hodi. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao kila nyumba ya Matsumoto ina pipa la mboga za kuchachusha na jiwe zito la kuzikandamiza. Mgeni anayekuja wakati huo humwachi nje, ila hushangilii sana.

"Hodi, mama. Ni mimi tena."

"Tena? Mara ya mwisho ulikuja lini wewe?"

"Kwenye msiba wa mzee."

"Basi ni miaka miwili. Vua viatu uingie. Kanyaga taratibu, sakafu ina maji, usije ukavunja kiuno chako kwangu. Changu kinatosha."

Nishizato alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, karani, macho yake yamebeba mifuko kama mtu aliyehama na mizigo yake yote usoni. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akiandika historia ya kiwanda, maana Kirihata ilikuwa imetimiza miaka arobaini. Kule, kampuni ikifika umri huo hujitungia kitabu, kinene, kilichotiwa ndani ya kasha gumu. Hakuna anayekisoma, lakini kila mtu hukifungua mara moja kulitafuta jina lake.

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaziweka juu ya ile meza fupi yenye moto chini na blanketi pembeni. "Hizi ni kurasa za mwisho kabla hatujapeleka kuchapa. Majina ya wote waliowahi kuajiriwa. Naomba uliangalie la marehemu mumeo, lisije likakosewa herufi."

Kiyono akafuta mikono, akavaa miwani. Akateremka na kidole, pole pole, hadi akamkuta. *Akahane Masuo. Chumba cha kung'arisha. 1952 hadi 1985.* Kidole kikakaa hapohapo.

"Herufi ziko sawa, mama?"

"Herufi ziko sawa. Mahali ndipo si pake."

"Tumemweka kila mtu kwenye idara aliyostaafia."

"Masuo alikuwa seremala, bwana Nishizato. Miaka ishirini na minne ameshika randa na patasi. Hiyo tisa ya mwisho ndiyo alikaa kwenye vumbi lenu la kung'arisha, na hakwenda kwa kupenda. Mrudisheni kwa maseremala."

Nishizato akashusha pumzi. "Ningeweza, ningebadilisha hapa hapa. Lakini daftari la kampuni linasema alihamishwa kwa kosa la kazi. Ili kubadilisha unatakiwa mhuri wa mkuu wake wa wakati ule."

"Yanagisawa."

"Mzee Yanagisawa. Na sasa hivi, mama..." Akapekua, akavuta ukurasa mwingine, akausukuma mbele kama mtu anayempa mwenzake dawa chungu. Ulikuwa na kichwa cha maneno: *Siri ya Kadi*. Ulieleza jinsi bwana Yanagisawa, mkuu wa idara, mwaka 1971 alivyobuni kipande kidogo cha kadi cha kuwekwa mahali shingo ya gitaa inapoungana na kiwiliwili, na jinsi wapigaji wa ng'ambo siku hizi wanavyoyasaka magitaa hayo ya Kirihata kwa sababu ya kadi hiyo.

Kiyono akacheka. Kicheko chenyewe kilitoka kama kikohozi.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Kula mboga, ni za mwaka jana lakini bado nzuri."

Sasa twende nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtakijua kilichomchekesha.

Kirihata haikuanza na magitaa. Ilianza na makabati ya cherehani, miaka minne baada ya vita, katika banda lililokuwa la kufugia viwavi wa hariri. Masuo aliingia hapo akiwa na miaka ishirini na mitano, akachonga milango midogo na droo ndogo hadi watu walipoacha kununua cherehani za kabati. Mkurugenzi akasikia kwamba vijana wa Tokyo wamepagawa na gitaa la umeme, akasema mbao ni mbao tu. Wakatengeneza magitaa. Kwa miaka miwili waliuza hata yale yaliyopinda, kisha ule wazimu ukapoa ghafla, magitaa yakarundikana ghalani hadi dirishani, na nusu ya wafanyakazi wakarudi kwao kulima tufaha.

Waliobaki waliambiwa neno moja: tutawaiga Wamarekani. Mkurugenzi alinunua Tokyo gitaa moja la mtumba, lililokuwa la mwanajeshi wa Kimarekani aliyekuwa akirudi kwao. Likaletwa Matsumoto kwa treni, limefungwa kwenye godoro la mtoto. Amri ilikuwa fupi: msiongeze kitu, msipunguze kitu.

Masuo ndiye aliyepewa kulifungua na kulipima, kwa kuwa jicho lake lilikuwa halina mchezo. Akatoa skrubu nne, akaivuta shingo, na pale chini, ndani ya lile shimo la pembe nne ambamo shingo hukaa, akakuta kipande cha jalada la kiberiti kilichokunjwa. Kilikuwa na nusu ya jina la baa, na pembe moja imechanika.

Alimwendea Yanagisawa nacho mkononi. Kiyono alihadithiwa jioni ileile, wakila.

"Nikamwambia, Mkuu, hii si ya kiwandani. Kuna mtu shingo ilimlegea, akachomeka kiberiti chake. Ina jina la baa!"

"Akasemaje?"

"Akasema, wewe fundi wa makabati ya cherehani, leo utawafundisha Wamarekani gitaa? Akasema amri ni kutopunguza kitu. Tena anataka nipige mhuri wa jina langu kwenye mchoro, kwenye kisanduku cha mpimaji. Mimi sipigi."

Na Kiyono, aliyekuwa amechoka siku ile kama siku nyingine, akamwambia neno ambalo hadi leo humrudia akiwa anaosha vyombo. "Piga, Masuo. Binti anaingia sekondari. Kwani kikaratasi kitamuua nani? Piga tule."

Kesho yake akapiga.

Basi kila gitaa lililotoka Kirihata kwa miaka mitano lilikuwa na kadi chini ya shingo. Ikatafutwa kadi ya unene uleule, wakatafutwa wanawake wa kuikata majumbani kwao. Mmoja wao alikuwa Kiyono. Kila wiki vipande mia mbili na arobaini, anakata huku sufuria ya supu inachemka. Alikuwa na mkasi mdogo wa cherehani, na baada ya mwaka mmoja hakuhitaji tena kupima. Kusema kweli alijivunia. Alikuwa akimwambia mumewe, "Gitaa lako bila mimi linalegea shingo," na Masuo hakuwa akicheka.

Mwaka 1976 akaja mnunuzi kutoka Amerika. Alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, anatembea na bisibisi yake mfukoni. Akafungua gitaa moja mbele ya wakubwa wote, akaitoa kadi, akaigeuza. Akafungua la pili. Alipofungua la tatu akacheka hadi akafuta machozi, akamuuliza mkalimani kitu, na mkalimani akaona haya kukitafsiri. Alipoondoka, mchoro ukaletwa mezani. Ulikuwa na mhuri wa mpimaji na mhuri wa Yanagisawa aliyeidhinisha, lakini siku ile macho ya watu yaliuona wa mpimaji tu. Masuo akainama hadi kichwa kikafika usawa wa meza, akasema, "Kosa ni langu." Jumatatu iliyofuata akapelekwa chumba cha kung'arisha, kushika magitaa ya wenzake kwenye gurudumu la kitambaa na dawa, na kurudi nyumbani kila jioni na nyusi nyeupe.

Hakulizungumza tena jambo hilo. Ila alikataa viberiti ndani ya nyumba. Hata ubani wa kumkumbuka marehemu mama yake aliuwashia kwenye jiko la gesi, akivuka nao nyumba nzima na kiganja kimeukinga.

Sasa mnaelewa kicheko cha Kiyono. Kadi iliyomwondoa mumewe kwa maseremala ilikuwa imepanda cheo, na imepata baba mwingine.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alifunga mboga kidogo kwenye kitambaa, akaweka na fomu ya marekebisho aliyoachiwa na Nishizato, akaenda kwa Yanagisawa. Si mbali, ni mitaa miwili tu, lakini alipumzika mara mbili njiani. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anajiuliza kama ina maana yoyote, mtu akishakufa, kama jina lake limeandikwa chumba hiki au kile. Mara ya kwanza alijijibu hapana. Mara ya pili aliinuka tu, akaendelea kutembea.

Mlango ulifunguliwa na Shizuyo, mke wa Yanagisawa. Wawili hawa kila mwaka huosha mboga pamoja kwenye chemchemi ya mtaa, na wameshajuana hadi magonjwa.

"Dada! Umeniletea mboga zako ili nione aibu kwa zangu?"

"Nimekuja kumwona Mkuu."

"Mkuu wa nini tena, mkuu wa blanketi? Ingia. Yupo hapo, anapigana na televisheni."

Mzee Yanagisawa alikuwa amekaa miguu ndani ya blanketi la meza, mkono wake wa kushoto umelegea tangu alipopata kiharusi. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alipomwona alizima televisheni na kujinyoosha, kama vile bado yuko ofisini.

"Mke wa Akahane. Karibu, karibu. Baridi imeanza."

"Imeanza, Mkuu. Nimekuja kuomba mhuri wako."

"Mhuri! Nimestaafu mimi. Mhuri wangu siku hizi unapokea vifurushi tu."

"Na hivyo vifurushi napokea mimi," Shizuyo akasema kutoka jikoni.

Kiyono akafungua fomu, akamweleza. Alieleza pole pole, hakuweka chumvi wala pilipili. Alitaka jina la Masuo lisomeke kwa maseremala, basi.

Yanagisawa aliitazama fomu bila kuigusa. "Kitabu kinaenda mtamboni. Ukichomoa uzi mmoja sasa, nguo yote inafumuka. Watauliza kwa nini alitolewa useremala, halafu kwa nini anarudishwa. Utawajibu nini?"

"Wakiniuliza mimi, nitasema mimi ni mzee, sikumbuki. Wakikuuliza wewe, sijui."

"Waache marehemu walale."

"Huyu amelala, Mkuu. Mimi ndiye sijalala."

Mzee akapandisha sauti ghafla, sauti ileile ya idarani. "Alipiga mhuri mwenyewe! Mimi sikumshika mkono!"

"Hukumshika," Kiyono akasema. "Mimi ndiye niliyemshika. Yeye alikataa, mimi nikamwambia piga tule. Kwa hiyo sikuja kukushtaki. Kama ni kushtakiana tutaanza na mimi, na nimechoka, tutafika jioni hatujamaliza."

 Shizuyo akaja na chai na matunda makavu ya kaki, akaketi, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amelielewa jambo lenyewe, lakini mdomo wake haukungoja aelewe.

"Mnazungumzia ile kadi? Si ndiyo kadi aliyobuni huyu? Nishizato ametusomea ukurasa mzima, jamani, mimi pale chemchemini naringa! Nawaambia wale, mume wangu hawezi kufungua hata bahasha bila kuichana barua, lakini Wazungu wanamtafuta kwa ajili ya kadi."

Yanagisawa akasema chini chini, bila kumtazama Kiyono, "Wataalamu wa nje wanasema ni nzuri. Wamepima. Labda wakati ule niliona kitu."

Kiyono akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Ilikuwa na ukubwa gani, Mkuu?"

"Nini?"

"Kadi."

"Ndogo. Ilikuwa ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

Mzee akainua mkono wake mzima, akaonyesha kwa vidole viwili. Akafikiri, akavitanua. Akafikiri tena, akavitanua zaidi.

"Hiyo ni kadi au kitambaa cha meza?" Shizuyo akaangua kicheko.

"Dada, niazime mkasi. Na hilo boksi la chai, kama limekwisha."

Akaletewa. Kiyono akabana boksi kwa goti, akakata. Hakuvaa miwani. Mkasi ulikwenda wenyewe, krr, krr, kama mnyama anayejua njia ya zizini. Akaweka kipande mezani. Akakata cha pili, akakiweka juu ya cha kwanza. Akakata cha tatu. Vitatu vikakaa kama kimoja, hata ukucha usingepata ukingo wa kuingia.

"Upana ukucha wa kidole gumba," akasema. "Urefu kucha mbili na nusu. Unakunja mara moja. Halafu..." Akachukua kila kipande, akakichana pembe moja kwa vidole, kidogo tu, upande uleule. "Hii pembe. Ile ya kwanza, ya kiberiti cha baa, ilikuwa imechanika hapa. Na ninyi mlisema tusipunguze kitu, tusiongeze kitu. Nimekata kadi elfu sitini na kitu, Mkuu, na zote nimezichana pembe kwa mkono. Nilidhani ina kazi yake."

Shizuyo aliacha kucheka. Alivitazama vile vipande, kisha akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua mboga aliyokwisha kuinunua.

Yanagisawa akachukua kimoja, akakigeuza chini ya mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole kwenye ile pembe.

"Pembe," akasema. "Niliisahau pembe." Baadaye tena: "Aliniambia ina jina la baa. Nikamjibu jibu baya. Watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka."

Akakirudisha kipande mezani.

"Shizuyo. Lete mhuri."

Mhuri ukaletwa na kidau chake cha wino mwekundu. Mzee akaupumulia kama ilivyo desturi, akaulenga, akaukandamiza kwa mkono mmoja. Ulitoka upande, umeinama.

"Umeenda vibaya. Lete karatasi nyingine."

"Inatosha, Mkuu."

"Umeinama."

"Sisi sote tumeinama. Inatosha."

Akaikunja fomu. Alipokuwa anajiinua, akiegemea meza kwa mikono yote miwili, mzee akasema bila kuinua macho, "Mwambie Nishizato anipigie simu. Kuna ukurasa itabidi aupunguze."

Shizuyo alimsindikiza hadi mlangoni, akasimama na soksi kwenye baridi. Alisugua mguu mmoja juu ya mwingine. Mwishowe akasema, "Dada, mwaka huu chumvi tutie kiasi gani?"

"Kama mwaka jana."

"Haya. Kama mwaka jana."

Kitabu kilitoka Aprili, theluji ikiwa imebaki milimani tu. Nishizato alikileta mwenyewe, ndani ya kasha lake gumu, na mifuko ya macho yake ilikuwa imeongezeka. Alimwonyesha kwanza ule ukurasa. Sura yote ya *Siri ya Kadi* ilikuwa imebaki sentensi mbili: kwamba kati ya 1971 na 1976 kipande cha kadi kiliwekwa chini ya shingo za magitaa ya Kirihata, na kwamba kilinakiliwa kutoka katika gitaa la mfano.

"Nilitaka kuongeza kwamba seremala aliyelipima aliona mapema," alisema. "Wakurugenzi wakanikatalia. Walisema kitabu cha sherehe hakina nafasi ya neno kosa. Samahani, mama. Nilijaribu mara tatu."

"Naona ulivyojaribu. Uso unakusema. Kaa, kunywa chai."

Kiyono akakifungua kitabu nyuma, kwenye majina. *Idara ya useremala.* Akateremka na kidole. Masuo alikuwepo, mtu wa nne kutoka juu, kati ya jamaa aliyekuwa akiazima patasi zake bila kurudisha na mwingine aliyecheza naye karata wakati wa mapumziko. Kiyono alilisoma jina kwa sauti ndogo. Kisha akalisoma tena, ili kuhakikisha.

Majina ya wanawake waliokata kadi majumbani hayakuwamo, kwa kuwa hawakuwahi kuajiriwa. Nishizato aliligundua hilo wakati huohuo, akaanza kujikuna shingo.

"Mama, na wewe..."

"Chai inapoa."

Akakibeba kitabu hadi kwenye madhabahu ndogo ya marehemu, akakilaza mbele ya picha, kando ya kikombe cha wali aliomwekea asubuhi.

"Masuo," akasema, "wamekurudisha kwa maseremala. Wamechelewa, lakini upo."

Akasubiri kidogo, magoti mkekani. Alikuwa amedhani siku hiyo ikifika atasikia kitu kikubwa kifuani. Alichosikia ni kiuno. Na chini ya maumivu ya kiuno palikuwa na utulivu wa namna fulani, kama pipa la mboga mwisho wa msimu, jiwe limeshaondolewa na hakuna tena cha kukandamiza. Hakuwa na nguvu za kuuchunguza zaidi.

Aliporudi, alimkuta Nishizato amesinzia ameketi, kikombe bado mkononi, kimeinama lakini hakijamwagika. Kiyono akakichomoa vidoleni taratibu, akamfunika miguu kwa blanketi. Halafu akakunja mto mara mbili, akajinyoosha upande wa pili wa meza, mahali jua la mchana linapofika, na yeye akasinzia.